Agano Jipya Lilifungwa kwa Wimbo

Hotuba ya katibu wa kwaya katika ibada ya yubile ya miaka 25, Kapseret



Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, akina baba na akina mama, vijana, watoto wa Shule ya Jumapili, na kwaya zote za wageni mliotoka mbali na karibu: Chamgei. Mulembe. Muriega. Karibuni Kapseret. Ndege ikipita juu yetu wakati tunaongea, msishtuke. Sisi majirani wa uwanja wa ndege tumezoea. Tunanyamaza kidogo, inapita, tunaendelea.

Mmezoea kumsikia katibu akisoma ripoti: wanakwaya wangapi wameolewa, sare zimegharimu kiasi gani, nani hajamaliza mchango wa kinanda. Ripoti hiyo mtaipata katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Leo kamati imetupa kazi ngumu zaidi. Tumeambiwa tuseme maneno machache juu ya kichwa cha yubile yetu, yaani Agano Jipya. Sisi si wahubiri. Wengi wetu ni wakulima, walimu, mafundi na wachuuzi wa soko. Kwa hiyo tutasema kama wanakwaya, na mahali tutakapokosea, Mchungaji atatusahihisha kwa upole.

Tuanze na neno lenyewe. Watoto wa darasa la nne wanajua kwamba neno "agano" limetoka katika kitenzi "kuagana". Na kuagana kwa Kiswahili kuna maana mbili. Watu wanaotengana njiani huagana, kila mmoja akashika njia yake. Na watu wanaopatana neno, wakaahidiana, nao wameagana. Ahadi mtu anaweza kuitoa peke yake. Agano huhitaji watu wawili, kwa sababu ndani yake kuna ile "-ana" ya kutendeana. Sasa fikirini ule usiku wa mwisho wa Bwana Yesu na wanafunzi wake. Alikuwa anawaaga, na papo hapo alikuwa anafunga nao agano. Maana zote mbili za neno letu zilikaa katika meza moja, usiku mmoja.

Lakini linaitwa jipya. Kama kuna jipya, kuna la kwanza, na ni vizuri tulitazame kwa heshima. Katika Kutoka sura ya 24, Musa anawasomea watu maneno ya Bwana, nao wanajibu wote kwa pamoja kwamba watayatenda. Musa anachukua damu ya ng'ombe waliotolewa sadaka, anawanyunyizia watu, na agano linathibitishwa. Lilikuwa agano zuri. Sheria zake zilikuwa njema. Hakuna mtu hapa anayeweza kusema kwamba usiue na usiibe ni sheria mbaya.

Shida haikuwa katika sheria. Musa alikaa mlimani siku arobaini, na aliposhuka alikuta ndama wa dhahabu. Sisi wanakwaya kuna kitu katika sura ile ya 32 ambacho tunapaswa kukisoma tukiwa tumeinamisha vichwa. Yoshua aliposikia kelele kutoka kambini alidhani ni vita. Musa akamwambia hapana, anachosikia ni sauti ya watu wanaoimba. Watu walewale waliokubali agano kwa sauti moja sasa walikuwa wanaimba mbele ya sanamu. Yaani hata kwa ndama kulikuwa na kwaya. Mtu anaweza kuimba vizuri sana, sauti zote nne zikakaa mahali pake, na bado moyo uko mbali. Zile mbao za mawe zikavunjika chini ya mlima.

Kwaya yetu nayo ina katiba. Ina vifungu, ina saini, ina daftari la faini. Anayechelewa mazoezi hulipa shilingi 20. Tunaitunza katiba hiyo, na bila hiyo tungekuwa tumevurugana siku nyingi. Lakini miaka 25 ya faini imetufundisha jambo moja: wale waliochelewa mwaka 2000 wanachelewa hata sasa, ila wanakuja na shilingi 20 mkononi. Sheria inaweza kukutoza. Kukubadilisha ni kazi nyingine.

Hapo ndipo nabii Yeremia anaposimama. Alisema maneno yake wakati Yerusalemu inakwenda kuanguka mikononi mwa Wababeli, watu wake wengine wakiwa wamekwisha kuchukuliwa mbali na makwao. Katika sura ya 31, kuanzia mstari wa 31, anatangaza kwamba siku zinakuja ambapo Bwana atafanya agano jipya. Tuangalie mambo matatu.

La kwanza, anasema atalifanya na nani. Analitaja taifa la Israeli na taifa la Yuda pamoja. Hawa walikuwa ndugu waliogawanyika siku nyingi, falme mbili, kila upande na wafalme wake na malalamiko yake. Agano jipya tangu siku lilipotangazwa lilikuwa la watu waliotengana.

La pili, anasema litaandikwa wapi. Halitaandikwa juu ya mawe tena, litaandikwa ndani, mioyoni. Jambo hili wanakwaya tunalielewa kuliko wengine. Wimbo mpya tunauanza ubaoni kwa nota za solfa. Kila mtu macho yako mbele, anahesabu, anakosea, anarudia. Wiki ya tatu mwalimu anafuta ubao. Mnakumbuka ile ibada ya jioni ambapo stima zilipotea katikati ya ubeti wa pili? Kinanda kilinyamaza, kipaza sauti kilinyamaza, giza tupu. Kwaya haikukatika hata kidogo. Hakuna aliyekuwa anasoma popote, maana wimbo ulikuwa umeshahamia ndani. Yeremia anasema Mungu atafanya hivyo kwa mapenzi yake. Atayahamisha kutoka kwenye ubao hadi ndani yetu, ili hata giza likiingia tuendelee.

La tatu, anasema msingi wake ni nini. Ni msamaha. Mungu atausamehe uovu wao, na dhambi zao hatazikumbuka tena. Hapa tutarudi, maana hapa ndipo penye uzito wa leo.

Miaka mingi baadaye, ghorofani Yerusalemu, Bwana Yesu anachukua kikombe na kusema kwamba hilo agano jipya limo katika damu yake. Tunasoma katika Luka 22:20. Katika agano la kwanza ilimwagwa damu ya ng'ombe. Katika hili, aliyefunga agano ndiye aliyetoa damu. Na mstari unaofuata anasema mkono wa msaliti uko pale pale mezani. Hakusubiri watu safi. Alifunga agano akiwajua wote waliokaa pale.

Kisha Mathayo na Marko wanaandika jambo ambalo mara nyingi tunalipita haraka. Walipokwisha kuimba, wakatoka kwenda mlima wa Mizeituni. Waliimba! Agano jipya lilifungwa kwa wimbo. Kwaya ya kwanza ya Agano Jipya ilikuwa pale, na Bwana mwenyewe ndani yake. Baada ya wimbo, wakiwa njiani, akawaambia kwamba usiku huohuo watatawanyika wote. Petro akakataa. Kabla ya jogoo kuwika alikuwa amemkana mara tatu. Kwaya ile ilivunjika saa chache tu baada ya kuimba.

Lakini katika maneno yaleyale, Mathayo 26:32, aliwaambia pia kwamba akifufuka atawatangulia kwenda Galilaya. Hawajatawanyika bado, yeye amekwisha kupanga mahali pa kuwapata. Hiyo ndiyo tofauti tunayotaka mwende nayo nyumbani leo. Katika agano jipya, yule aliyeachwa ndiye anayekwenda kuwatafuta waliokimbia.

Sasa, wapendwa, ruhusuni tuzungumze juu yetu wenyewe.

Tulipokuwa tunaandaa kijitabu hiki tulifungua madaftari ya zamani ya mahudhurio. Katika ukurasa wa Jumanne tarehe 25 Desemba 2007, ibada ya Krismasi, kuna majina 34, na karibu yote yana alama ya kuwepo. Baada ya hapo pana ukurasa mtupu. Halafu Jumamosi tarehe 12 Aprili 2008, mwandiko wa mtu mwingine, majina 21. Pasaka ya mwaka huo ilipita bila kwaya. Wengine wetu wakati huo tulikuwa bado wanafunzi, lakini tunakumbuka.

Hakuna haja ya kusimulia sana. Kila mmoja wa umri wetu hapa anajua kilichotokea baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba. Kenya nzima ilipoteza watu zaidi ya 1,100. Kiambaa, si mbali na mji wetu wa Eldoret, kanisa lilichomwa tarehe 1 Januari 2008 likiwa na watu waliokimbilia ndani, wengi wao akina mama na watoto. Uwanja wa maonyesho wa Eldoret uligeuka mji wa mahema. Mahindi yalikuwa yamevunwa tu, mengine yakabaki ghalani, mengine yakageuka majivu. Makabila hatutayataja. Mnayajua, na Mungu anayajua.

Tarehe 28 Februari viongozi wetu walitia saini mkataba wa maridhiano jijini Nairobi. Tulimshukuru Mungu kwa mkataba ule, maana watu waliacha kufa. Mwezi wa Mei serikali ikaanza Operesheni Rudi Nyumbani. Lakini karatasi ya Nairobi haikuweza kuingia katika mazoezi ya Jumamosi na kumwambia mwanakwaya asimame karibu na nani. Ilifanya kazi ya mbao za mawe: ilizuia mkono. Moyo ulibaki ukisubiri mwandishi wake.

Kuna mama mmoja wa sauti ya pili, na baba mmoja wa sauti ya nne. Wote wawili wako hapa, na wametupa ruhusa tusimulie bila kutaja majina. Mama alikuwa mshonaji. Nyumba yake ilichomwa, akakaa katika hema na watoto wawili, akarudi Kapseret mwaka 2009. Aliporudi kwaya tulimpokea kwa makofi. Tulimpa joho, tukampa nafasi yake ya zamani. Tukadhani tumemaliza.

Siku ya Meza ya Bwana, kikombe kilipomfikia, alikipitisha. Mwezi uliofuata, hivyo hivyo. Wazee hawakumlazimisha. Baadaye tulikuja kujua kwamba katika mstari wa nyuma yake alisimama yule baba, na kwamba cherehani yake ilikuwa nyumbani kwa baba huyo, imefunikwa gunia. Yeye mama alijua. Aliiona siku moja mlango ukiwa wazi.

Yule baba alihesabu miezi yake. Kisha jioni moja baada ya mazoezi alimwomba mzee wa kanisa amsindikize, akaibeba ile cherehani mwenyewe barabarani, mchana kweupe, watu wakimwona. Alipofika akasema: "Mama, hii ni yako. Mabati niliyachukua mimi pia. Nitayalipa." Mama hakujibu lolote. Alimletea kiti mzee, yeye hakumletea.

Wiki kadhaa zilipita. Jumamosi moja, kabla ya maombi ya kufunga, mama alisimama akasema hivi, na walioyasikia hawajayasahau: "Cherehani nimepokea. Nyumba bado sijaipata, na usiku bado naisikia sauti ya mabati yakipasuka. Msiniulize kama nimesahau. Lakini deni la mtu huyu nimeacha kulidai." Jumapili iliyofuata alikunywa kikombe.

Tangu hapo tumeelewa vizuri zaidi lile neno la Yeremia. Mungu anaposema hatazikumbuka dhambi zetu, haina maana kwamba amepata usahaulifu kama mzee wa miaka tisini. Anayejua idadi ya nywele zetu hawezi kupotewa na habari. Maana yake ni kwamba hatazitoa tena kama hati ya madai. Deni analijua, ameacha kulidai, na gharama ameibeba yeye. Mama yule hakusahau, na hakuna mtu mwenye haki ya kumwambia asahau. Na yule baba hakuja na maneno matupu ya "tusameheane", alikuja amebeba cherehani. Mabati aliyalipa kidogo kidogo kwa misimu mitatu ya mahindi. Anayeishi katika agano jipya hatafuti msamaha wa bei rahisi, kwa kuwa anajua ulimgharimu Bwana wake damu.

Lakini habari ya hao wawili isitupe sifa tusizostahili. Tuhesabu. Kutoka majina 34 hadi 21 ni watu 13. Mama huyo ni mmoja. Wale wengine 12 walikuwa wapi?

Hatukuwatafuta. Hilo ndilo tulilotumwa kusema leo kwa niaba ya kwaya nzima. Tuliacha ukurasa ule mtupu, tukafungua daftari jipya, tukatafuta sauti nyingine za kuziba nafasi. Tuliimba juu ya upendo katika mashindano, tukaleta vikombe nyumbani. Tulisema wakitaka watarudi. Tulitaka agano jipya bila ile safari ya Galilaya.

Kamati ya yubile ilipokutana mara ya kwanza, tulikuwa tunazungumzia keki na vitenge. Ni Mchungaji aliyetufungulia Mambo ya Walawi sura ya 25. Yubile ya Biblia ni mwaka wa hamsini, kwa hiyo sisi wa miaka 25 tuko nusu ya safari tu. Katika mwaka ule wafungwa wa deni waliachiliwa, na kila mtu akarudi katika milki yake na kwa jamaa yake. Na baragumu lake lilipigwa siku gani? Lilipigwa Siku ya Upatanisho. Yaani mtu hakuruhusiwa kuanza kushangilia kabla ya kupatanishwa. Tulifunga mazungumzo ya keki siku hiyo.

Tumetumia mwaka mzima kuwatafuta wale 12, kwa simu, kwa matatu, kwa kuulizia ndugu zao. Wawili wamelala, Bwana awapumzishe. Mmoja hatujampata. Tisa tumewaona uso kwa uso, tukawaambia kwamba tulipaswa kuja zamani. Wanne kati yao wameketi nasi asubuhi hii, na tunawaomba msiwakodolee macho. Wengine wanne wametuma salamu. Na mmoja alitupikia chai, akatusikiliza mpaka mwisho, akasema hatarudi kuimba Kapseret na tusimwombe tena. Tulimshukuru kwa chai, tukaomba pamoja, tukaondoka. Hiyo pia ni haki yake. Tunachoweza ni kuacha kumhesabu kama aliyetoroka.

Leo jioni ule ukurasa mtupu hautabaki mtupu. Tutaandika majina yao 12, na mbele ya kila jina hatutaweka alama ya kutokuwepo.

Wapendwa, tunajua uchaguzi unakuja na kwenda kila miaka mitano. Sauti zile zitarudi, kwenye redio na kwenye simu zetu, zikituambia nani ni wetu na nani si wetu. Siku hiyo hatutakuwa na ubao mbele yetu wa kusomea. Itabidi kiwe kimeshaandikwa ndani. Ndiyo maana tunaomba tusikinywe kikombe hiki kwa mazoea.

Baada ya hotuba hii Mchungaji atatuongoza katika Meza ya Bwana. Kama kuna mtu unayemdai, au anayekudai, yuko ndani ya kanisa hili, hujachelewa, na kwetu leo hakuna faini. Sogea umwone. Wimbo wa kufunga utaongozwa na mama wa sauti ya pili, na nyuma yake atasimama yule baba wa sauti ya nne. Wale wanne wa zamani wameombwa wasimame nasi. Wamesema wataona. Nafasi zao tumeziacha.

Mungu wa agano atubariki sote. Bwana asifiwe.